Nondo wa Kakao na Ndugu Zake wa Lichi

SALIM: Karibuni tena. Leo dada Mwanaidi katuletea nondo ambaye hata akitua mbele yako unaweza usimwone.

MWANAIDI: Ni mdogo mno, kaka Salim. Urefu wake milimita 7 hivi. Mabawa ya mbele ni ya kahawia, yana mistari myeupe inayopindapinda, na kwenye ncha pana doa la manjano. Papasi zake ndefu huzilaza mgongoni. Ndiye nondo wa kakao wa Asia ya Kusini-Mashariki, Conopomorpha cramerella.

SALIM: Kakao si asili yake Amerika?

MWANAIDI: Asili yake huko, na nondo alikuwepo Asia kabla yake, akila matunda kama shokishoki.

SALIM: Shokishoki hizi hizi za Unguja?

MWANAIDI: Hizo hizo, tunda lenyewe limetoka Asia. Kakao ilipopandwa huko, akahamia. Kiwavi hutoboa ganda mpaka ndani. Tunda zima ukilipasua, mbegu huteleza na ute wake mweupe. Aliloingia yeye, mbegu zimegandana bonge moja, huzibandui.

SALIM: Sasa kumtambua kuna ugumu gani? Mistari si umeitaja?

MWANAIDI: Mistari ndiyo iliyowapoteza watu! Mtaalamu wa wadudu, Snellen, alimpa jina mwaka 1904, kwenye jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, iitwayo Gracilaria. Akahamishiwa Acrocercops, halafu Conopomorpha. Kumbe viwavi wa lichi, tunda la jamii ya shokishoki, kule Asia nao walikuwa wakiitwa cramerella. Ni mwaka 1986 ndipo mtaalamu mwingine wa wadudu, J. D. Bradley, alipowatenganisha. Cramerella akabaki wa kakao, na spishi tatu za karibu zikapata majina mapya: sinensis, litchiella na oceanica. Sinensis ndiye anayetoboa matunda ya lichi.

SALIM: Aliwatofautisha kwa kipi, kama sura ni moja?

MWANAIDI: Viungo vya uzazi. Unachukua tumbo la nondo, dogo kuliko punje ya mchele, unalipasha moto kwenye maji ya potashi kali mpaka nyama ilainike. Kisha, chini ya hadubini, unalisafisha kwa brashi nyembamba, taratibu, mpaka zibaki sehemu ngumu tu. Maumbo ya hizo sehemu ndiyo yanayosema huyu ni nani. Kazi ya subira, na mimi naiheshimu sana.

SALIM: Mkulima inamhusu nini?

MWANAIDI: Inamhusu hasa. Ukichanganya majina, utamlaumu jirani mwenye milichi kwamba ndiye anayekuletea nondo kwenye kakao yako, utataka hata miti yake ikatwe. Na ile mitego yenye harufu ya jike huita madume wa spishi yake. Ukikosea spishi, umetega bure.

SALIM: Mchana huwa wapi?

MWANAIDI: Chini ya matawi yaliyolala. Inama, utazame kwa juu. Ukimpata, mfunike na kichupa, usimshike kwa vidole. Tumbo likishapondeka, hakuna wa kukwambia ni yupi.