Ukitafuta Muziki wa Malta, Fuata Watu Usifuate Chati

Habari za jioni jamani, asanteni sana kwa kuja. Niliombwa niongee kuhusu namna ya kupata muziki mpya kutoka nchi ambazo redio zetu hazizigusi kabisa, na mimi nikachagua Malta. Mtu mmoja akaniuliza kwanini Malta, kwanini usichukue Italia au Ufaransa huko ndo kuna wasanii wengi. Sasa mi nadhani hapohapo ndo penye utamu, kwasababu nchi kubwa muziki wake unakufuata mwenyewe hata ukiwa umelala, nchi ndogo lazima uifuate.

Na Malta ni ndogo kweli. Ni visiwa vilivyoko kusini ya Sicily, kile kisiwa cha Italia, kilomita za mraba 316 tu, yaani Unguja peke yake inaizidi Malta nzima zaidi ya mara tano. Watu ni kama laki tano na elfu ishirini kwa sensa ya 2021. Sasa hebu fikiria hii mitambo ya Spotify na YouTube inayotuchagulia nyimbo, inasukuma kile ambacho tayari kinasikilizwa na watu wengi, kwaiyo msanii anayeimba Kimalta, lugha ya watu wasiofika hata milioni moja duniani, atafikaje kwenye simu yako? Hafiki. Utakaa miaka kumi hutaona jina lake. Ndo maana nasema huku chati hazisaidii, inabidi ushike mtu mmoja, uangalie kapiga na nani, katoka kijiji gani, ndugu zake walihamia wapi, unafuata hivohivo mpaka unajikuta una mikononi muziki wa nchi nzima.

Wengi wetu tukisikia Malta tunaanzia Eurovision, lile shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, na sio vibaya, ni mlango. Wamalta wanalipenda lile shindano kupita kiasi. Walianza 1971, Joe Grech akaimba kwa Kimalta, wakashika mkia. 1972 wakaimba tena Kimalta, wakashika mkia tena. Baada ya 1975 wakakaa pembeni miaka mingi wakarudi 1991, na waliporudi walirudi na Kiingereza, na kweli Kiingereza kikawalipa, Mary Spiteri wa tatu 1992, Chiara wa tatu 1998, Ira Losco wa pili 2002, Chiara tena wa pili 2005. Ushindi wenyewe bado hawajaupata, ila kwenye lile la watoto wamechukua mara mbili, Gaia Cauchi 2013 na Destiny Chukunyere 2015.

Huyu Destiny nataka mumshike jina. Baba yake ni Mnigeria, alikuwa mchezaji mpira aliyecheza ligi ya Malta, na binti kazaliwa hukohuko 2002. Mwaka 2021 kule Rotterdam alishika nafasi ya saba na wimbo Je me casse, na ile sauti jamani, ile sauti ni ya kanisani kabisa, inatoka tumboni. Kwahiyo mtu akikuambia Malta ni wazungu tu wa pwani basi mwekee Destiny.

Lakini ukiishia Eurovision umesikia kile ambacho Malta inawapelekea majaji wa nchi zingine, hujasikia wanachoimbiana wao kwa wao. Angalia kilichotokea 2025. Miriana Conte alishinda nyumbani na wimbo unaoitwa Kant, ambalo ni neno la kawaida la Kimalta la uimbaji, ila likitamkwa linafanana na tusi la Kiingereza, basi ikaamuliwa libadilishwe, wimbo ukaenda kwenye Eurovision kule Basel ukiitwa Serving. Karibu wimbo wote ulikuwa Kiingereza, na neno la Kimalta lililobeba jina lake ndo likaondolewa. Mi hii kitu iliniuma, nasema ukweli.

Haya, twende ndani sasa. Wanachoimbiana wao kwa wao kinaitwa għana, hiyo herufi ya mwanzo haisikiki, unatamka kama "aana". Na hapa angalizo la kazi, ukiandika kwenye intaneti bila kile kistari cha juu ya h utaletewa muziki wa nchi ya Ghana, wa Accra na Kumasi, mzuri sana lakini sio tunaoutafuta. Andika na herufi zao, au weka neno Malta pembeni.

Għana iko ya aina kadhaa. Kuna ya hadithi, mtu mmoja anasimulia kisa kirefu, mauaji, meli kuzama, mambo yaliyotokea kweli. Kuna ile ya sauti ya juu sana, la Bormliża, ambayo zamani ilikuwa ya wanawake. Alafu kuna hii inayonipendeza kuliko zote, spirtu pront, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye majibizano ya washairi wetu wa pwani ataielewa ndani ya dakika mbili. Wanasimama waimbaji, mara nyingi wanne, wawili kwa wawili, nyuma yao wamekaa wapiga gitaa, kawaida watatu. Hakuna kilichoandikwa. Mmoja anatupa ubeti wa mistari minne, mpinzani wake ana muda wa gitaa tu kufikiri, anajibu papo hapo, vina vikae, hoja ikae, na matusi hayaruhusiwi, lazima umchome mwenzio kwa adabu. Lile gitaa la kwanza, wanaliita prim, linapojaza katikati ya beti halijazi tu, nalo linabuni palepale, kwahiyo kuna mashindano mawili yanaendelea kwa pamoja, ya midomo na ya vidole. Inaenda karibu saa nzima mpaka wafunge na beti za kuagana.

Waimbaji karibu wote wana majina ya utani na ndo yanayojulikana. Frans Baldacchino ukimtaja kwa jina la kiserikali mtu anaweza kuwaza kwanza, sema il-Budaj, kila mtu anamjua. Alifariki 2006 na rekodi zake ndo ningesema mtu aanze nazo. Na mjue kwamba kwa miaka mingi watu wa mjini, wasomi, walikuwa wanaidharau għana, ni mambo ya vilabu vya pombe, ya wakulima na makuli wa bandarini. Saivi imefika UNESCO, 2021 iliingizwa kwenye orodha ya turathi za utamaduni usioshikika. Walioibeba mpaka hapo ni haohao watu wa vilabuni, wala tusiwasahau. Ukibahatika kuwa kule mwishoni mwa Juni kuna sikukuu ya Mnarja pale kwenye msitu wa Buskett, għana inapigwa chini ya miti usiku kucha watu wanakula sungura.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo sisi huku tunaijua vizuri kwa upande wetu. Siti binti Saad alipanda meli kutoka Zanzibar 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, kwasababu nyumbani hakukuwa na pa kurekodia. Basi miaka mitatu minne baadaye, 1931 na 1932, wanamuziki wa Malta nao wanapanda meli, wengine Tunis wengine Milan, sababu ileile, wanarekodi santuri zao za kwanza za għana na nyimbo za mjini. Zile santuri zikapotea, zikabaki kwenye makabati ya watu, mpaka mtafiti na mwanamuziki Andrew Alamango alipozitafuta moja moja na kuzitoa upya kwa jina Malta's Lost Voices. Mimi nahesabu hizo kama muziki mpya kabisa. Kama haijawahi kufika kwenye masikio yako ni mpya, sijali ina miaka tisini. Na kama unapenda santuri, Valletta, mji mkuu wao, kuna duka la D'Amato, lipo tangu 1885, linauza muziki mpaka leo.

Sasa wa leo leo. Kwa muda mrefu kijana wa Malta akianzisha bendi anaimba Kiingereza bila hata kuulizwa, Waingereza walitawala pale mpaka 1964 na wanajeshi wao wakaondoka 1979, baa za Strait Street za Valletta zilikuwa zinajaa mabaharia na wanamuziki wa Kimalta walijifunzia jazi humohumo. Kwaiyo Kiingereza kilikuwa lugha ya jukwaani. Kinachonifurahisha ni kwamba hilo limebadilika mbele ya macho yetu. Wako Brikkuni, bendi ya Mario Vella, albamu yao Kuntrabanda ya 2008 ilitoka yote kwa Kimalta, yenye hasira, yenye kucheka, yenye kuwasema wakubwa, matarumbeta na gitaa pamoja, alafu wakafika mpaka Rub Al Khali ya 2017 ambayo ni nzito na ya huzuni, mi naiweka juu ya zote. Wako The Travellers, vijana wa kisiwa cha Gozo, wao ni pop ya kuchangamka ya kiangazi lakini Kimalta tupu, na watu wanaimba nao neno kwa neno. Yuko Hooligan anayechana kwa Kimalta tangu zamani. Na 2021 likaanzishwa tamasha la Mużika Mużika la nyimbo za Kimalta peke yake, humo ndo tukamsikia Aidan na Naħseb Fik, wimbo mtamu huo, tafuteni.

Wapenda muziki wa metali, yaani heavy metal, nawapa dakika moja tu maana mnajua kujitafutia wenyewe, Beheaded wapo tangu 1991 na Forsaken nao wa siku nyingi, na kwa nchi ya ukubwa ule kuwa na tamasha lake la doom, ile metali ya polepole na nzito, ni jambo la kuheshimu.

Kitu ambacho nataka tukitulize kidogo ni vilabu vya bendi. Karibu kila kijiji Malta kina klabu ya matarumbeta, vingine vina mbili na hawaelewani, na kiangazi kila parokia inapofanya sherehe ya mtakatifu wake bendi zinatoka barabarani na fataki juu. Watoto wanafundishwa kusoma nota humo. Kwahiyo mkishangaa visiwa vidogo hivi vinatoaje wanamuziki wengi hivi, chuo chao ndo hicho. Pale Victoria, mji mkuu wa Gozo, kuna klabu mbili, La Stella na Leone, kila moja ina jumba lake la opera, Astra na Aurora, kwenye barabara moja, na kila Oktoba wanashindana kupandisha opera nzima. Kisiwa cha watu elfu thelathini na kitu! Na ni hapo Astra 1997 kijana wa miaka 19 aitwaye Joseph Calleja alipanda jukwaani kwenye opera ya Macbeth ya Verdi. Leo ni tenor, mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume, wa majumba makubwa ya opera duniani, 2012 jarida la Gramophone lilimpa tuzo ya msanii wa mwaka. Calleja huhitaji kumtafuta, lakini mkimsikiliza jueni ametokea kwenye ushindani wa barabara moja.

Tuje kwa walioondoka, maana baada ya vita kuu ya pili Wamalta walihama kwa maelfu, 1948 kukawa na makubaliano na Australia ya kuwalipia sehemu ya nauli, wengine wakaenda Canada, Uingereza, Marekani. Na hawa ni wagumu kuwapata kwasababu hawasikiki Kimalta, wanasikika kama walikofikia. Chukua Joe Camilleri, kazaliwa Malta 1948, kafika Australia bado mtoto mdogo, akaanzisha bendi ya Jo Jo Zep and the Falcons, Hit & Run ya 1979 imekaa kirege kabisa, baadaye bendi ya The Black Sorrows na wimbo wao Harley and Rose. Waaustralia wanamhesabu wao, na ni wao kweli, ila ni Mmalta pia. Chukua Marc Storace, ile sauti ya Krokus, bendi ya roki ya Uswisi, albamu ya Metal Rendez-vous ya 1980, Mmalta. Kevin Borg alikwenda Sweden akashinda Idol yao, shindano la kuimba la televisheni, 2008, Mmalta. Emma Muscat akapata jina lake Italia kupitia Amici, kipindi cha vipaji cha televisheni. Wanne hao ukiwaweka kwa mitindo hawakutani popote, ukiwaweka kwa watu wanakutana kwenye kisiwa kimoja.

Ila sio wote waliobadilika. Melbourne, mitaa ya magharibi kama St Albans na Sunshine, wazee waliendelea na għana, magitaa yaleyale, kujibizana kulekule, na beti zikaanza kubeba mambo mapya, kiwanda, upweke, watoto wanaojibu kwa Kiingereza. Watu walirekodi kwenye kaseti wakatumiana na nyumbani. Kwangu mimi hizo kaseti ni hazina, na inauma kwamba nyingi ziko kwenye maboksi ya watu, mwenye sauti keshafariki na mjukuu hana hata cha kuipigia.

Kwahiyo mkienda kutafuta, anzeni na jina moja mnalolipenda, msome walioandikwa kwenye albamu yake, nani kapiga besi, nani katayarisha, muwafuate wao. Malta mpiga ngoma mmoja unamkuta kwenye bendi nne. Mkipata albamu Bandcamp, ile tovuti ambako wasanii wanauza muziki wao wenyewe, inunueni, nakala hamsini kwa msanii wa kule ni kitu kikubwa. Redio zao zipo mtandaoni, wekeni zicheze mkiwa mnapika, hata kama hamuelewi sikio linazoea.

Nimewaandalia vipande vitatu, tunaanza na spirtu pront dakika kumi bila kukata, msikilizeni mpiga prim anavyoingia kabla mwimbaji hajamaliza pumzi, alafu Brikkuni, alafu Black Sorrows. Maswali tutayachukua baada ya kipande cha kwanza, wa kwanza ni yule dada wa nyuma aliyeinua mkono tangu nilipotaja Siti.