Mwenzako naye anafikiria

Mwakeye jamani. Walioko nyuma sogeeni, viti vipo, sauti ya mwalimu mstaafu haifiki huko. Leo ni nadharia ya michezo, yaani hesabu ya kuamua pale ambapo mwenzako naye anaamua. Walionisikia mwaka jana wanajua ntaanza na bao, na kweli naanza na bao, mtanisamehe.

Marehemu mjomba wangu alikuwa anacheza bao Ujiji chini ya mwembe kila siku baada ya alasiri. Mi kijana nimetoka shule, najiona nina hesabu, nikakaa naye. Bao mnalijua, mashimo 32 kete 64, kila kitu kipo wazi hakuna karata iliyofichwa. Mbinu yangu ilikuwa moja tu: natafuta panapolika kete nyingi kuliko pote, nakula. Nakula tena. Mzee anasogeza vikete vyake viwili vitatu, anakuna kidevu, anamuuliza jirani habari za mgonjwa. Najiona bingwa. Af ghafla naangalia safu yangu ya mbele kweupe, hamna! Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Jioni moja nimefungwa mara saba. Ya saba nikamuuliza, mjomba unaniroga? Akasema, "Mjomba, wewe unahesabu kete zako. Mi nahesabu unavyohesabu wewe."

Ngojeni, hapa nakaa kidogo kwasababu ndo penyewe. Kwenye bao kula ni lazima, kama unaweza kula huna ruhusa ya kukataa. Sasa mzee alikuwa ananiachia kakitu kadogo mahali anapotaka yeye, mkono wangu unaenda wenyewe. Alikuwa anaanzia mwisho anarudi nyuma: nataka kula pale, ili nile pale huyu mtoto lazima mkono wake uishie huku, ili uishie huku nimlishe hapa. Mi naanzia mwanzo nakwenda mbele kama mbuzi anayefuata majani. Na hiyo ndo nadharia ya michezo, mkitaka kwenda chai mapema nendeni.

Kuna mtu atasema mwalimu mzima unatuletea mambo ya baraza. Haya, wasomi: 1913 Mjerumani Ernst Zermelo aliandika kuhusu chesi, kwamba kwenye mchezo wa wazi kama ule ama mmoja ana njia ya kushinda mwenzake afanye lolote, ama wote wana njia ya kujihakikishia sare. 1928 mwanahisabati John von Neumann akaingia na michezo ambayo faida yako ni hasara yangu, 1944 akatoa kitabu yeye na mchumi Oskar Morgenstern, wakaipeleka nadharia hii kwenye uchumi. Mjomba hakuwasoma hao.

Na neno mchezo lisiwapoteze. Mkulima wa Kasulu akipanda maharage, mvua haimwangalii yeye amepanda nini, ule sio mchezo ule ni bahati na maandalizi. Ila bei ya maharage ni mchezo, kwasababu mwaka jana ilipanda na kila mtu kaiona, na kila mtu yupo shambani saa hizi anajiona kaiona peke yake.

Tuje ziwani kwetu, Tanganyika, wavuvi wanavuta dagaa kwa taa. Mitumbwi miwili tufanye, usiku wa giza (mbalamwezi ikiwaka mnajua dagaa hawaji kwenye taa). Eneo lina dagaa ndoo 60. Taa zikiwa sawa kila mmoja anapata 30. Mmoja akiongeza taa anavuta 45, mwenzake anabaki na 15, ila taa na betri zinamgharimu thamani ya ndoo 10, kwahiyo kabaki na 35. Bado 35 inazidi 30, anaongeza. Mwenzake anajiuliza, nikikaa na zangu napata 15, nikiongeza tunarudi 30 kwa 30, natoa gharama nabaki na 20, naye anaongeza. Matokeo wote wana 20 na ziwa linawaka kama mji, wakati wangekaa na taa zao za zamani wangekuwa na 30! Hakuna mjinga hapo. Kila mmoja kapiga hesabu vizuri kabisa. Na hakuna anayeweza kuzima peke yake, akizima anashuka mpaka 15. Mahali pa namna hiyo, ambapo hakuna mmoja anayefaidika kubadilika peke yake, mwanahisabati John Nash ndo alipaandikia 1950, Nobel ya uchumi akaja kuipata 1994.

Najua kuna mzee wa Kibirizi anataka kusema sisi tunakaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tunakubaliana. Sawa baba yangu, mkishakubaliana wote taa chache, nani anafaidika kuliko wote? Anayevunja! Makubaliano bila mtu wa kuhesabu taa ni salamu tu. Ndo maana 2024 Tanzania ilipofunga uvuvi miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, swali kila baraza lilikuwa moja, na ng'ambo je? Ziwa la nchi nne hili, samaki hana pasipoti.

Naambiwa dakika tano, haya. Kucheza mara nyingi na mtu yuleyule kunabadilisha hesabu, mtaalamu wa siasa Robert Axelrod alishindanisha programu za kompyuta kwenye mchezo wa kushirikiana au kusalitiana unaorudiwarudiwa, ikashinda fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa wema, baada ya hapo mfanyie alichokufanyia. Penati nilitaka kueleza kwanini mpigaji mzuri lazima asijulikane anapiga wapi, hata yeye mwenyewe kama asipojua afadhali, naiacha.

La mwisho, jibuni haraka bila kuangaliana. Umepotezana na mwenzako hapa Kigoma, simu zimezima, hamkupanga chochote. Unaenda kumsubiri wapi?

Eeh. Stesheni. Karibu ukumbi mzima, mwisho wa reli kweli! Mchumi Thomas Schelling aliuliza hivohivo kuhusu New York, wengi nao wakasema stesheni, saa sita mchana. Na huyu kijana aliyesema gesti? Mwenzio atakaa stesheni mpaka treni ya kesho. Chai ipo nje.