Upinde wa mvua wa saa sita mchana uko wapi?

Shikamooni wazee wangu. Walimu, habari za mchana. Nanyi wanafunzi sogeeni mbele, maana swali ni lenu: mbona hapa Mtwara mvua hunyesha saa sita huku jua linawaka, na upinde hatuuoni?

Tuanze na tone moja. Mwanga wa jua ukiingia ndani ya tone unapinda, sehemu yake inaakisiwa na ukuta wa nyuma, halafu ukitoka unapinda tena. Nyekundu hupinda kidogo, zambarau zaidi, kwa hiyo rangi zinatoka zimeachana. Kitovu cha upinde ni pale kinapoangukia kivuli cha kichwa chako. Kutoka hapo pimeni: nyekundu iko kwenye nyuzi 42 hivi, zambarau nyuzi 40.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana mimi hapa ndipo ninapoachwa hoi. Tone moja halikupi rangi zote. Linalokuletea nyekundu liko juu, la zambarau liko chini yake, na yote yanaanguka, mengine yanashika nafasi. Jirani yako anapokea mwanga wa matone mengine kabisa. Upinde wake si wako! Ndiyo maana hata ukiufuata kwa bodaboda hadi Mikindani huufikii.

Aliyelifumbua hili mapema ni Kamal al-Din al-Farisi, Mwajemi wa karne ya 14. Alijaza maji kwenye tufe la kioo, akachunguza njia ya mwanga humo ndani. Theodoric wa Freiberg, Mjerumani, alifanya vivyo hivyo karibu wakati huohuo.

Sasa saa sita. Sisi tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, na msimu wa mvua jua la adhuhuri hukaribia utosi. Jua likipanda, kivuli cha kichwa, yaani kitovu cha upinde, hushuka; likizidi nyuzi 42 juu ya upeo wa macho, upinde wote unakuwa chini ya upeo huo. Basi utafuteni asubuhi upande wa Masasi, au jioni baharini, jua likiwa mgongoni. Mkibahatika mtaona na wa pili kwa juu, hafifu, nyekundu ikiwa ndani: huo mwanga wake umeakisiwa mara mbili.

Na wa saa sita? Shikeni mpira wa maji pale uani, baneni mdomo wake kwa kidole maji yatawanyike, kisha tazameni chini, kuzunguka vivuli vyenu. Mwalimu wa sayansi ameshakubali kuwafungulia bomba.