Wizi Unaanzia Daftarini

Asanteni. Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa naandika tasnifu, jioni moja nilisoma aya katika rasimu yangu nikajipongeza: kumbe naweza kuandika vizuri hivi! Siku chache baadaye nikaikuta aya ileile maktabani, kwenye kitabu cha mtu, neno kwa neno. Nilikuwa nimeinakili daftarini miezi mingi nyuma, bila alama za kunukuu, bila namba ya ukurasa, na muda ukanisahaulisha mwenye maneno yale ni nani. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa nimesahau hata kwamba nimeazima. Chekeni tu.

Ndiyo maana leo, tunapozungumzia wizi wa maandishi na namna ya kutaja vyanzo, sianzi na mambo ya koma na mabano. Wengi wenu hamtaiba siku ya kuandika. Mtaiba siku ya kusoma, na hamtajua.

Mnamkumbuka Karl-Theodor zu Guttenberg, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani? Alikuwa na udaktari wa sheria kutoka Chuo Kikuu cha Bayreuth. Februari 2011 ikabainika kwamba hata mwanzo wa utangulizi wake ulichotwa kwenye makala ya gazeti, na mwandishi hakutajwa. Watu wakaipekua tasnifu mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa. Chuo kikamvua shahada mwezi huohuo; tarehe 1 Machi akaachia uwaziri. Alijitetea kwamba kazi ilichukua miaka, huenda vyanzo vilimchanganya. Tume ya chuo ikachunguza, na Mei ikasema alidanganya kwa kukusudia. Sasa wewe mwenye vurugu ya kweli daftarini, nani atakuamini? Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya waziri wa elimu wa nchi ileile, Annette Schavan, kwa tasnifu ya mwaka 1980. Tasnifu yenyewe ilihusu dhamiri. Sijatunga.

Kwa hiyo gaweni ukurasa wa daftari kwa mstari wa wima. Kushoto, maneno ya kitabu kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, na namba ya ukurasa papo hapo. Kulia, maneno yako, yaliyoandikwa kitabu kikiwa kimefungwa. Nasisitiza kimefungwa, kwa sababu kikiwa wazi utafanya hivi. Tuseme kitabu kimeandika (mfano nimeutunga mwenyewe): “Ukame wa muda mrefu uliwalazimisha wafugaji kuhamia mabondeni, wakagombana na wakulima juu ya maji.” Mwanafunzi anaandika: “Ukame wa kipindi kirefu uliwafanya wafugaji wahamie mabondeni, ambako waligombana na wakulima kuhusu maji,” kisha anaweka jina na mwaka kwenye mabano, roho imetulia. Huo ni wizi bado. Mabano yanasema wazo ni la mwingine. Hayasemi kwamba hata sentensi ni yake. Ama nukuu neno kwa neno, ama andika upya kweli: “Mwandishi huyu anaona kwamba kilichowakutanisha wafugaji na wakulima mabondeni ni maji, baada ya ukame kudumu.” Na mabano yake bado yanahitajika.

Turnitin, ile programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine na kutoa asilimia? Isiwatishe, wala isiwafariji. Ile asilimia hupima ufanano tu. Orodha ya marejeleo inaweza kuipandisha, na wazo lililoibwa kwa maneno mapya likapita bila kuonekana. Programu za akili mnemba nazo hubuni vitabu visivyokuwapo, vyenye kurasa na mwaka. Usitaje kitu ambacho hukukifungua.

Na msiniambie haya ni ya Wazungu. Pwani tuna takhmisa: mshairi huchukua mistari miwili ya mwenzake akatanguliza mitatu yake, na msikilizaji anayeijua kazi ya awali anasikia ya mgeni inaishia wapi na ya mwenyeji inaanzia wapi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyafanyia hivyo mashairi ya Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa Pwani, na hadi leo tunasema takhmisa ya Liyongo. Aliyeongeza hakumfuta aliyetangulia.

Dada pale dirishani anauliza: habari nimeipata kwa bibi kijijini, hana kitabu, nimtaje vipi? Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Unamwomba ruhusa kwanza. Akikubali, unaandika jina lake, mahali, tarehe, na kwamba ni mahojiano. Asipotaka kutajwa, mpe jina la kubuni na useme wazi ni la kubuni. Usimgeuze kuwa “wazee wanasema”. Wazee hawakukaa nawe saa tatu juani, yeye ndiye aliyekaa. Na usimpeleke ukurasa wa shukrani ukadhani umemaliza. Akae ndani ya aya, palepale yalipo maneno yake.