Nimepata Blakauti Huku Kibuye

AKINYI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kisumu na kwingineko. Wafula leo amekaa mbali nami kidogo, na sababu anaijua.

WAFULA: Dada, si nilishaomba msamaha?

AKINYI: Uliomba kwa emoji. Sikizeni. Jumapili, saa saba mchana, niko soko la Kibuye. Jua la utosi, na tangu asubuhi nimekunywa chai ya rangi tu. Mama wa omena ananipimia kwa gorogoro. Macho yakaingia giza. Si kizunguzungu, ni giza. Miguu ikaisha nguvu, wakanilaza, wakainua miguu yangu juu ya gunia la viazi. Nilipoweza kushika simu nikamwandikia huyu: "Nimepata blakauti huku Kibuye." Akajibu nini?

WAFULA: "Nunua tokeni."

AKINYI: Nunua tokeni! Niko chini, mtu ananipepea kwa kipande cha katoni, naambiwa ninunue tokeni.

WAFULA: Kwa mtu wa Kenya blakauti ni stima kupotea, na tokeni ndizo za kulipia stima, dada. Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani, sote tulisema blakauti. Mwaka 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru, stima ikapotea kila mahali, tukasema blakauti. Ningejuaje?

AKINYI: Hata kwa stima ulikosea. Laini ikikatika, tokeni itasaidia nini?

WAFULA: Hapo umenishika. Lakini tuliahidi maana tatu za hili neno la Kiingereza, "blackout": ya jukwaani, ya vita, ya ndege. Tuanze?

AKINYI: Anza, ninakusikiliza na uchungu wangu.

WAFULA: Kwenye michezo ya kuigiza, ni pale taa zote za jukwaa zinapozimwa kwa mpigo mmoja. Sasa vita. Tarehe 1 Septemba 1939, Uingereza iliamuru kila dirisha lizibwe usiku ili ndege za adui zisione miji. Mapazia meusi, taa za barabarani zikazimwa, taa za magari zikafunikwa hadi ukabaki mwanya mdogo tu. Watu wakagongwa na magari gizani, hata kabla mabomu hayajaanza kuanguka London. Ikabidi kingo za njia na mashina ya miti yapakwe rangi nyeupe.

AKINYI: Kwa hiyo giza la kuwalinda watu likawaua.

WAFULA: Ndiyo. Na ndege...

AKINYI: Ndege niachie mimi, nimeisoma nikiwa kitandani. Rubani akikata kona kali, damu inavutwa kutoka kichwani kwenda miguuni. Kwanza anaona kijivu, kisha giza kabisa. Lakini bado ana fahamu! Anasikia, anafikiri, ila haoni. Marubani wanaiita blakauti. Akizidisha ndipo anapoteza fahamu, na hilo lina jina lake. Mimi pale Kibuye nilisikia gorogoro ikichota omena. Nilisikia mtu akisema, "Mshikieni mkoba!" Kwa hiyo sikuzimia. Nilipata blakauti.

WAFULA: Hapana, dada. Kiswahili kilishaliona hilo zamani. Taa inazima, mtu anazimia. Ni shina moja. Ungeandika "nimezimia" ningeruka kwa bodaboda hapohapo.

AKINYI: Ungekuja kwa uongo. Aliyezimia hasikii.

WAFULA: Basi "nimeona giza."

AKINYI: Ungesema nunua tokeni!

WAFULA: Nisingesema! Tatizo ni kwamba neno blakauti limebeba maana nyingi. Mlevi aliyetembea, akaongea, akalipa bili, na asubuhi hakumbuki lolote, naye wanasema amepata blakauti. Neno kama hilo halifai kumwitia mtu msaada.

AKINYI: Na mimi nasema mgonjwa ndiye anayejua alichokiona. Nilitumia neno lililonijia. Kazi yako ilikuwa kuuliza, "Uko salama?"

WAFULA: Kuuliza, nakubali, ningeuliza. Lakini neno lilikuwa baya.

AKINYI: Neno lilikuwa zuri.

WAFULA: Hapa hatutoki.

AKINYI: Hatutoki. Na mwenye studio ameshagonga mlango mara mbili. Hatujagusa maana nyingine za blakauti: wino mweusi unaoficha maneno kwenye nyaraka za serikali, wala habari zinazozuiwa.

WAFULA: Yaache. Presha umepimwa?

AKINYI: Nimeambiwa nirudi Alhamisi.

WAFULA: Saa ngapi?

AKINYI: Saa tatu asubuhi.

WAFULA: Nitakupeleka. Na ule kwanza, uji hata kama ni kikombe kimoja. Ukisikia vibaya kabla ya hapo nipigie, usiniandikie.

AKINYI: Nitakupigia. Na nitasema blakauti.