Hilux ya dizeli inagoma asubuhi ya baridi: pima hita plagi kabla hujanunua betri

Mwangaluka watazamaji. Tuko Isevya, Tabora mjini, mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hilux hii ina injini aina ya 5L (hilo ni jina la injini, si lita tano), dizeli, silinda nne. Sikiliza inavyopigwa stata.

Umesikia? Stata inazunguka vizuri, haina uvivu, ila injini haishiki. Dogo, peleka kamera nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe, unanuka dizeli mbichi. Maana yake mafuta yanafika kwenye silinda, ila hayaungui kwa sababu ndani kumepoa. Kusingekuwa na moshi kabisa, tungefuata mafuta: filta, hewa kwenye mipira, pampu. Stata ingezunguka kwa shida, tungeanza na betri.

Betri nayo tuipime, dakika moja tu. Ikiwa imelala usiku kucha, volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu. Hii ina 12.5. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6. Sugua vichwa vyake, kaza na waya wa ethi, yaani ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari, tuendelee.

Alfajiri ya Tabora ni kama nyuzi 15. Hiyo si baridi ya kuishinda injini nzima. Gari ikiwaka mchana kwa kugusa tu halafu asubuhi inagoma, mara nyingi hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya kila silinda kabla ya kuwasha, zaidi ya kimoja vimekufa. Ikifa moja, gari inawaka ila inatetemeka, inatembea na silinda tatu, ikipata moto inatulia. Watu wanaizoea hali hiyo mpaka inakufa ya pili na ya tatu, ndipo wanakimbilia kununua betri.

Na tafadhali, usiipulizie petroli kwenye njia ya hewa. Hita plagi ikiwa ya moto, hewa ile inalipuka kabla pistoni haijafika juu. Unaweza kupasua pistoni kwa ajili ya plagi.

Haya, kupima. Weka mita kwenye volti, mguu mmoja kwenye bamba linalounganisha plagi zote nne, mwingine kwenye ethi. Dogo awashe swichi, asipige stata. Inasoma 11.8. Umeme unafika, kwa hiyo rilei, ile swichi ya umeme inayopeleka moto kwenye plagi, na fyuzi kubwa ni wazima. Ingesoma sifuri, ungeangalia fyuzi ya GLOW na rilei, wala usingegusa plagi.

Zima swichi. Fungua nati ndogo, spana namba 8, utoe bamba lote. Lazima litoke. Likibaki, plagi zote zimeshikana na mita itakusomea zile nzima, utadhani zote ziko sawa. Sasa mita kwenye ohm, kichwa cha plagi hadi ethi. Ya kwanza, 0.8, nzima. Ya pili, haisomi kitu, imekatika. Ya tatu, haisomi. Ya nne, 0.9. Huna mita? Chukua testa ya taa, ishike kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha plagi. Isipowaka, plagi imekufa.

Sasa shikeni hapa. Plagi hazifunguliwi injini ikiwa ya baridi. Kupima ni baridi, kufungua ni moto. Jana jioni tulimwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina la kila plagi. Sasa tunarudisha bamba, tunaiwasha jua likipanda, inazunguka mpaka stesheni na kurudi.

Tumerudi, injini ina moto. Bamba limetoka tena. Soketi ndefu namba 12, mpini mfupi. Usichukue mpini mrefu! Shina la plagi ni jembamba, likikatikia ndani ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, huenda ukalazimika kuishusha hedi nzima. Ya pili inatoka… imetoka. Ya tatu… simama, simama. Dogo, leta kamera karibu. Umesikia ilivyolia? Ikilia namna hiyo usiendelee kuvuta. Irudishe kukaza kidogo, mafuta tena, subiri dakika kumi, fungua robo, rudisha, fungua robo. Narudia: ukiona inagoma, rudisha ndani. Mkono ukikuambia ongeza nguvu, weka soketi chini ukanywe chai.

Imetoka. Tazama ncha, imevimba na imeliwa. Ncha ikiliwa upande mmoja, chunguza nozeli (kipulizia mafuta) ya silinda hiyo, inawezekana inadondosha mafuta badala ya kupuliza. Ncha zote zikiungua pamoja, shuku rilei iliyoganda, au plagi za volti zisizo zake.

Chomoa waya wa kukata mafuta kwenye pampu, funika matundu kwa kitambaa, kaa pembeni, piga stata sekunde mbili masizi yatoke. Rudisha waya. Plagi mpya: paka grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi za kufungia tu, ncha ibaki kavu. Anza kwa vidole hadi ikae. Mwisho kaza kwa Nm 13, kipimo cha nguvu ya kukaza, ni kidogo sana, kwa soketi na mkono mmoja tu. Nati ya juu usiikaze kwa hasira, unapasua kizio chake.

Mimi napenda kubadili zote nne, kwa sababu zilizobaki zina umri uleule. Mfuko ukikaza, badili mbovu, hakuna kesi.

Ukizifunga na asubuhi bado inagoma, bonyeza pampu ya mkono juu ya filta kabla ya kuwasha. Ikiwa laini na inachukua mibonyezo mingi kukaza, kuna hewa inaingia usiku, kagua mipira na vibano.

Plagi zipo dukani kwetu, ila mkinitumia ujumbe, niandikieni namba na volti zilizochapwa kwenye mwili wa plagi ya zamani. "Hilux ya dizeli" haitoshi, na ya volti 6 ikikutana na 12 inaungua siku hiyohiyo.