Jackie Chan na Kazi ya Kuanguka

Assalaam alaykum. Nimeombwa nizungumze juu ya safari ya Jackie Chan katika filamu. Nyote hapa Chake Chake mmemwona, kwa hiyo sitopoteza wakati kukuelezeni ni nani. Nitalisema lile lile ninalolisema Unguja kila nikipewa kipaza sauti, hata wengine wamenichoka: kuanguka ni kazi, na kazi hufundishwa.

Ichukueni Fist of Fury, ya 1972. Mwishoni Bruce Lee anampiga teke Suzuki, yule bosi wa Kijapani. Suzuki anaruka kinyumenyume, anapasua mlango wa vijiti na karatasi, anatua nje uwanjani. Kibanda kizima cha video hupiga makelele hapo, na wote wanamtazama stelingi. Mie nakutakeni mumtazame anayeruka. Yule si mchezaji aliyeigiza Suzuki. Ni kijana wa miaka 17 aliyevishwa nguo za Suzuki ili aanguke badala yake, na kijana huyo ni Jackie Chan. Uso wake hauonekani. Mwaka uliofuata, kwenye Enter the Dragon, yumo tena: Lee anamkamata nywele, anamvunja shingo, basi, kapita. Mmemtazama miaka yote hiyo bila kumjua.

Sasa kijana wa miaka 17 alijuaje kuanguka vile na akainuka mzima? Wazazi wake walikwenda Australia kufanya kazi ubalozini, wakamwacha Hong Kong katika skuli ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen. Alikuwa na umri wa miaka saba hivi, akakaa kama miaka kumi. Kuimba, kupiga vichwangomba, kusimama kwa mikono, silaha, kila siku ya Mungu. Sammo Hung na Yuen Biao, nao baadaye wachezaji wa filamu, walikuwa wenzake humo humo. Walipigwa fimbo, na mwenyewe amesimulia.

Naona mama mmoja pale ameguna. Mama, nakusikia. Siisifu fimbo, na mwalimu wa kwetu akimpiga mtoto namna ile nitakuwa wa kwanza kumkataza. Ninachokisifu ni ile miaka. Mtoto alirudia kuanguka mpaka mwili ukajua wenyewe pa kutua. Judo inafundishwa hapa kwetu, waulizeni: somo la mwanzo ni kuanguka. Hupewi ruhusa ya kumwangusha mwenzio kabla hujajua kuanguka wewe. Lakini kijana wetu leo anatazama klipu kwenye simu, anapanda ukuta wa Mji Mkongwe, mwenziwe anarikodi, anaruka. Chini kuna mawe! Ananiambia, "Mwalimu, mbona Forodhani naruka kila siku?" Forodhani kuna maji, mwanangu. Na hata maji hayo unayarukia yakijaa, hurukii yakitoka.

Mwengine ataniambia siku hizi kompyuta inafanya yote. Nyinyi mnaorikodi kwa simu ya kuazima mna kompyuta hiyo? Basi tuendelee.

Hata baada ya skuli hakuwa stelingi. Opera ilikuwa imekwisha watazamaji, ndiyo maana akawa mtu wa kuanguka. Kazi ikakatika, akaenda Canberra, kule Australia, kujenga majumba. Aliporudi mwaka 1976, mwongozaji Lo Wei alitaka kumfanya Bruce Lee mwengine, na filamu zile hazikuuza. Mwaka 1978 ndipo mwongozaji mwengine, Yuen Woo-ping, alipomwacha awe yeye: apigwe, aumie, autikise mkono wake baada ya kupiga ngumi. Watu wakampenda. Alichowapendezesha nacho ni kile kile alichojifunza, kupigwa na kuanguka.

Na hata yeye ilimpata. Mwaka 1983, kwenye Project A, alijiachia kutoka mnara wa saa, akapasua mapazia mawili ya kuzuia jua, akafika chini. Aliinuka. Halafu kule Yugoslavia, kwenye Armour of God, aliruka kutoka ukutani kushika tawi la mti. Mara ya kwanza alifanikiwa. Hakuridhika, akarudia. Akaanguka, kichwa kikapiga jiwe, fuvu likapasuka, akafanyiwa operesheni. Mruko wenyewe ulikuwa mdogo kuliko ule wa mnara.

Watu wa Pemba hili sihitaji kukuelezeni. Mnajua tawi la mkarafuu linavyomsaliti mtu aliyepanda tangu utotoni. Na mnajua kuwa mchumaji akianguka mkarafuuni, hapa Zanzibar upo utaratibu wa kumlipa fidia. Sasa nakuulizeni: kijana akianguka kwenye filamu, nani anamlipa? Mwenye kamera anasema alijitolea. Mchezaji mkubwa anasema hamjui. Mama yake ndiye anayehangaika na hospitali. Jackie Chan na watu wake walikataliwa na makampuni ya bima, akawa anawalipia matibabu kwa fedha zake. Alianza kwa kuanguka badala ya wengine, akiwa mkubwa hakuwasahau wanaoanguka. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu.

Nilitaka kusema pia juu ya Rush Hour ya 1998 na jinsi Marekani ilivyochelewa kumkubali, lakini naoneshwa saa. Hata Oscar ya heshima, tuzo ya filamu ya Marekani, alipewa 2016. Tuzo ya Oscar ya kazi hii yenyewe, ya wanaopanga mianguko na mapigano, imetangazwa 2025 tu na itaanza kwa filamu za 2027. Na kirumbizi, mchezo wetu wa kupigana kwa fimbo, nilitaka kusema kwa nini filamu zetu hazina fimbo ya kirumbizi wakati wachezaji wake wapo hapa hapa, basi itabaki siku nyengine.

Wenye filamu mnayotarajia kuirikodi mwezi huu, bakini. Nataka kujua mna magodoro mangapi, na nani kati yenu ameandikiana na wanaoanguka.